Udongo wa Majani ya Samaki

Mimi sasa nina wajukuu, nina kisukari, nina nafasi yangu safu ya mbele msikitini, lakini wapo watu watatu hapa Kariakoo ambao wakiniona bado wananiita Baba Kijacho, na kila wakiniita hivyo masikio yananiwaka moto, kwa hiyo nawasimulia mkasa huu mwenyewe kabla hamjausikia kwao (maana wao wameutia chumvi, wanasema siku ile nilikuwa nimebeba mpaka kitanda cha mtoto, jambo ambalo ni uongo, kitanda hakikuwepo). Aibu ile sikutupiwa na mtu. Niliinunua mwenyewe, kwa mdomo wangu, kwa neno moja tu.

Miaka ile ya Ujamaa nilikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, nimekuja mjini kutoka Masasi, nimepanga chumba kimoja Mtaa wa Mahiwa, na kazi yangu ilikuwa ukarani wa stoo kwenye shirika moja la umma lililokuwa linapeleka mbolea vijijini. Kazi yenyewe ni kuandika magunia yaliyoingia na magunia yaliyotoka, basi, lakini mtu akiniuliza nafanya nini, mimi najibu, "Nipo kwenye kilimo." Kilimo ndicho kilichokuwa wimbo wa nchi siku zile, ukisema upo kwenye kilimo watu wanakusogezea benchi.

Mjumbe wetu wa nyumba kumi alikuwa Mzee Kondo. Alikuwa amefanya kazi ya uhudumu melini miaka mingi, na kutoka huko majini alirudi na vitu viwili, ugonjwa wa mgongo na mapenzi ya samaki wa kutazama. Kuna familia ya Upanga ilikuwa inahama, ikamwachia tangi la kioo, kubwa, la kufika kifuani, akaliweka sebuleni palepale alipokuwa anasikiliza kesi za majirani. Humo ndani kulikuwa na samaki wadogo wa rangi rangi na majani ya majini, marefu, yanayoyumba taratibu, na ukija kudai barua ya mjumbe unakaa kwenye benchi unayatazama mpaka hasira zinakwisha. Wapo waliosema samaki asiyeliwa ni anasa za kibepari. Mzee Kondo aliwajibu, "Samaki hawa wanaishi kijiji kimoja, wanakula pamoja, hakuna mwenye duka. Nani kawaambia si wajamaa?"

Mimi nilikwenda kuomba barua ya utambulisho tu. Nikakaa kwenye benchi, nikayaona majani yale yamepauka, na chini ya pazia la chumba cha ndani nikaiona miguu miwili yenye hina imesimama inasikiliza. Wallahi, laiti isingekuwa ile miguu, ningechukua barua yangu nikaondoka.

"Mzee," nikasema kwa sauti ya kumfikia mtu wa nyuma ya pazia, "majani yako yana njaa."

"Wewe ni bwana shamba?"

"Nipo kwenye kilimo."

Kesho yake nikaleta mbolea ya chumvichumvi kidogo kutoka kwenye gunia lililopasuka, nikaitia, nikajisifu, nikaondoka. Baada ya siku tano maji yote yalikuwa ya kijani, huwaoni samaki, na majani yenyewe ukiyatafuta kwa kupapasa yako vilevile, njano. Mzee Kondo aliniita akaniambia kwa upole unaouma kuliko tusi, "Kijana, nilitaka majani yawe ya kijani. Sikusema maji." Nikabeba ndoo kutoka bombani siku tatu mfululizo kuyabadilisha maji yale, na katika kubeba huko ndiko nilikomfahamu mwenye ile miguu, Mwanaidi, binti yake wa mwisho, aliyekuwa ananifungulia mlango na kunicheka bila kujificha. "Bwana kilimo," alikuwa ananiambia, "leo umekuja kupanda nini?" Siku ya tatu nilikuwa nimekwisha mimi. Nilimpenda hadi nikawa nasahau kula.

Ilipofika miezi kama mitano nikamtuma mjomba wangu, Mjomba Selemani, fundi cherehani wa Mchikichini, akapeleka barua ya posa pamoja na mzee mwenzake, kama desturi inavyotaka. Mzee Kondo aliipokea, akasema, "Njooni Jumamosi baada ya alasiri mchukue jibu." Mjomba akaja kunipa habari na onyo. "Bakari, Jumamosi nyumba ile usiisogelee. Mwenye kuposa haonekani mpaka ajibiwe. Kaa chumbani kwako, soma gazeti."

Laiti ningesoma gazeti!

Sasa kule kazini kulikuwa na bwana shamba wa kweli, Mushi, Mchaga wa Moshi, mtu wa maneno machache na suruali zenye vumbi. Ijumaa nikamweleza ugonjwa wa yale majani, akaniuliza swali ambalo mimi na ukarani wangu wote sikuwahi kulifikiria.

"Njano inaanzia wapi? Majani ya chini au ya juu?"

"Ya juu. Yale machanga. Ya chini mazima kabisa."

"Na mishipa ya jani?"

"Imebaki kijani."

Akatikisa kichwa kunisikitikia. "Naitrojeni ikipungua, mmea unawanyang'anya wazee unawapa watoto, kwa hiyo njano inaanzia chini. Matobo matobo kwenye majani ya zamani, hapo fikiria potasiamu. Lakini watoto wakizaliwa wamepauka na wazee wamenenepa, hiyo ni chuma. Chuma jani likishakishika halikitoi, lina roho mbaya. Ndiyo maana mbolea yako imeyalisha maji tu. Tafuta udongo mwekundu, ule wenye kutu, ufinyange vidonge, uvizike kwenye mizizi, halafu uache mambo ya watu."

Udongo mwekundu! Kwao Moshi anauchukua akitoka mlangoni, lakini Kariakoo sisi tumekaa juu ya mchanga, na kuupata mpaka utoke nje ya mji, na basi la kwenda huko ulikuwa ukilisubiri unazeeka. Jumamosi tulitoka kazini saa sita, nikapiga hesabu zangu: nikiyatibu majani saa nane, mzee atakuwa na moyo laini saa kumi, na wakwe zangu watarajiwa wakiniuliza nilifuata nini, nitasema nilifuata majani, si posa. (Mnaona jinsi mtu anavyojichimbia kwa akili zake mwenyewe.) Udongo je? Nikakumbuka kwamba sokoni unauzwa, tena umekaushwa vizuri, vipande vyekundu vimepangwa kwenye ungo. Ule udongo wa kula. Ule wanaotafuna kina mama wenye mimba.

Nikaenda upande wa kina mama wanaouza viungo. Nilipofika kwenye ungo wenye vipande vyekundu kuliko vyote, mwenye ungo alikuwa mama mmoja mnene mwenye jino la dhahabu, baadaye nilijua anaitwa Bi Tatu, na nyuma yake wamekaa wenzake wanne wanapepeta pilipili manga.

"Shikamoo mama. Naomba huu mwekundu, vipande kumi."

"Marahaba mwanangu. Kumi vyote?" Akaniangalia kwa furaha. "Mkeo ana miezi mingapi?"

Hapo ndugu zangu nilikuwa na njia mbili. Ningeweza kusema, mama, sina mke, udongo huu ni wa majani yanayokaa ndani ya tangi la samaki ambao hawaliwi, yana upungufu wa chuma. Niliyafikiria maneno yale, nikaona mwenyewe yananuka uwendawazimu, nikaona watanicheka, na mimi kitu nisichokiweza duniani ni kuchekwa na wanawake watano kwa pamoja. Nikachagua jibu fupi.

"Minne," nikasema.

Vigelegele! Wale waliokuwa wanapepeta wakaacha kupepeta. Bi Tatu akaniongezea vipande viwili vya bure, "huyu mwanamume wa kweli, wenzake wanaona haya kuja," akanifundisha nimzuie mke wangu kunyanyua ndoo, akaniuliza nakaa wapi, nikamwambia Mahiwa, akaniuliza nafanya kazi gani, nikamwambia (mdomo huu!) nipo kwenye kilimo, kwenye stoo ya mbolea. Akanitazama kwa jicho jingine kabisa, akasema taratibu, "Aaa, stoo ya mbolea." Mimi nikadhani anaheshimu kilimo.

Kumbe Bi Tatu ni shoga yake Bi Hadija, mama yake Mwanaidi, na wiki nzima walikuwa wanazungumza habari za karani wa mbolea wa Mahiwa aliyeleta posa.

Ningekwenda moja kwa moja kwa Mzee Kondo pengine ningewahi. Lakini nikitoka sokoni nikaona foleni. Ninyi wa siku hizi hamuwezi kuelewa foleni ilivyokuwa inamvuta mtu. Sisi tulikuwa tukiona foleni tunapanga kwanza, tunauliza baadaye, kwa sababu ukianza na kuuliza, wakati unajibiwa watu kumi wamekwisha kukutangulia. Nikapanga. Wa mbele yangu hajui kinachouzwa, wa nyuma yangu amesikia ni sabuni. Nikasimama karibu saa mbili na furushi langu la udongo kwapani, jua linanichoma, nikiwaza kwamba mche mmoja wa sabuni nitampelekea Bi Hadija kama mkwe mwenye adabu. Nilipofika dirishani nikasukumiwa furushi la nepi.

"Hizi za nini?" nikauliza.

"Za mtoto, kaka. Unataka hutaki? Wenzako wanasubiri."

Mtu hawezi kusimama saa mbili akatoka mikono mitupu, huo ni uchungu mtupu, na nepi ni kitambaa laini, nikaona zitafaa kufutia kioo cha tangi. Nikazichukua. Hivyo ndivyo nilivyofika kwa mjumbe wa nyumba kumi, siku ya jibu la posa yangu, mkono wa kulia udongo wa wajawazito na mkono wa kushoto nepi sita nyeupe.

"Hodi!"

Hakuna aliyesema karibu, ila mlango ulikuwa wazi. Nikaingia. Sebule ilikuwa imejaa. Mzee Kondo kakaa kwenye kiti chake, Bi Hadija kajifunika khanga mpaka puani, Bi Tatu kasimama katikati bado ana unga wa pilipili manga mikononi, Mjomba Selemani na mzee mwenzake wamebanana kwenye kochi kama washitakiwa (walikuwa wametumiwa mtu waje mapema), na kwenye benchi wapo majirani wawili waliofuata barua zao, ambao kwa jinsi walivyokuwa wametulia nilijua barua si haja yao tena.

"Shikamoo mzee," nikasema.

Mzee Kondo hakuitikia. Katika umri wangu wote hakuna mtu mzima aliyewahi kuiacha shikamoo yangu ikae hewani hivyo. Nilihisi imening'inia pale katikati yetu, haina pa kutua.

"Ndiye huyu huyu!" Bi Tatu akapiga kofi. "Na udongo wangu ule, mnauona? Sikusema? Na nepi! Jamani, na nepi ameshanunua!"

Mjomba Selemani akavua kofia akajifunika uso. "Bakari mwanangu," akasema ndani ya kofia, "bora ungekuja mikono mitupu."

Mzee Kondo akaanza, kwa sauti ya mjumbe anayesikiliza kesi. "Bakari. Una mke?"

"Sina, mzee."

"Hiyo mimba ya miezi minne uliyoitangaza sokoni ni ya nani?"

Nikafungua mdomo, na kabla sijatoa neno nikamwona mzee ametupa jicho upande wa pazia, haraka, halafu akalirudisha chini. Bi Hadija naye kalitupa hukohuko. Nikaelewa. Hawakuwa wanaogopa kwamba nina mke Masasi. Walikuwa wanahesabu miezi tangu nilipoanza kubeba zile ndoo. Kuchekwa mimi ni kitu kimoja, lakini binti wa watu hakuwa amefanya lolote zaidi ya kunifungulia mlango.

"Haina mwenyewe," nikasema. "Hakuna mimba. Udongo ni wa haya majani. Yana upungufu wa chuma."

Wale majirani wa kwenye benchi waliangua kicheko kimoja, wakakimeza.

"Na nepi?" Bi Tatu akauliza.

"Za kufutia kioo."

Hapo hata mshenga wangu mwenyewe, yule mzee aliyekuja na Mjomba, alicheka. Bi Hadija akaanza kulia kimyakimya, na mimi ningetoa mshahara wangu wa mwaka nipate kulirudisha lile neno moja.

Ndipo pazia likafunguka. Msichana anayeposwa hatoki sebuleni mbele ya washenga, hilo kila mtu analijua, na Mwanaidi alilijua kuliko wote, lakini alitoka, kajifunga khanga kiunoni kwa nguvu, macho makavu, akasimama mbele ya Bi Tatu.

"Bi Tatu, umenijua tangu nabebwa mgongoni. Mimba ya miezi minne unaiona au huioni?" Hakungoja jibu, akamgeukia baba yake. "Na huyu ni mwongo, baba, lakini ni mwongo wa sokoni, hakuwahi kunigusa hata kidole. Kama hamniamini mimi, yaaminini majani. Mwacheni aweke huo udongo. Likitoka jani zima mtajua ulikuwa wa nini."

Mzee Kondo akaangalia tangi, akaniangalia mimi, akaangalia nepi. "Weka," akasema.

Nikavikanda vile vipande kwa maji kwenye bakuli, nikafinyanga vidonge mbele ya watu wote wale, nikatumbukiza mkono mpaka begani na shati langu la kazi. Mushi alisema uvizike taratibu. Mimi taratibu niliiacha mlangoni. Kidonge cha kwanza kilivunjika kabla hakijafika chini, cha pili nikakizika na mmea ukang'oka, na kwa dakika moja tangi zima likawa chai ya maziwa, samaki hawaonekani, na Mzee Kondo, aliyekuwa amejizuia kwa yote, akasahau kwamba yeye ni mjumbe akapiga ukelele, "Samaki wangu! Mama yangu, samaki wangu!" Nikatoa mkono, shati linachuruzika tope jekundu, na kwa kuwa hakukuwa na kitu kingine karibu nikajifuta kwa nepi. (Hilo ndilo jambo wale watu watatu wanalolipenda kuliko yote.)

Maji yalipoanza kutulia mzee naye akatulia, akatoa hukumu. "Jani jipya likitoka kijani, kijana amesema kweli. Likitoka njano, udongo ulikuwa wa tumbo la mtu, na hapa asikanyage tena. Posa itasubiri."

"Mzee mwenzangu," Mjomba Selemani akasema, "tunaozesha watu kwa jani?"

"Wewe una shahidi mwingine?"

Tukaondoka.

Jumatatu nilimweleza Mushi kila kitu, nikitegemea faraja. Akawaza sana, akasema, "Tatizo ni kwamba manganizi nayo ikipungua, dalili zake zinafanana na za chuma."

"Mushi! Mbona hukusema?"

"Hukuniambia kama unaoa."

Wiki mbili zile sitazisahau. Mimi mlango ule siukanyagi, lakini mtaa mzima ulikuwa na shida za mjumbe ghafla, kila mtu anafuata barua, na wakitoka wananipa taarifa bila kuombwa. "Baba Kijacho, mambo bado." "Baba Kijacho, kichwa kimetokeza." Nikiuliza rangi wananiambia, "Bado halijaamua." Mwuza kahawa wa kona yetu alikuwa upande wa njano, fundi baiskeli upande wa kijani, wakawa hawaelewani. Ningeweza kucheka nao, lakini adhuhuri moja nilimwona Mwanaidi anakwenda bombani, kajikaza, kichwa juu, na wanawake barazani wanampima tumbo kwa macho akipita. Hakugeuka. Niliona haya niliyokuwa sijawahi kuyaona maishani, kwa sababu mimi nilisema uongo nisichekwe dakika moja, na yeye alikuwa anaulipia kila akitoka nje.

Siku ya kumi na tano, Jumapili asubuhi, nikaletewa neno: unaitwa kwa mjumbe. Si kwa Mzee Kondo, kwa mjumbe. Miguu ilinipeleka hivyo hivyo. Mzee alikuwa peke yake sebuleni, kainama mbele ya tangi, miwani puani. Maji yalikuwa safi kabisa, samaki wote wapo, na katikati ya yale majani yaliyopauka limesimama jani moja jembamba, changa, la kijani kweli kweli mpaka nchani. Pembeni yake la pili linachungulia, kijani nalo.

"Haya ya zamani yamebaki njano," Mzee Kondo akasema bila kugeuka.

"Hayarudi, mzee. Lililokwisha kupauka halirudi. Unaangalia yanayokuja."

Akainuka kwa mgongo wake ule mbovu, akanitazama usoni.

"Marahaba," akasema.

Nikashangaa, maana nilikuwa bado sijamwamkia siku ile. Ndipo nikakumbuka.

Tulifunga ndoa kabla ya mfungo, na Bi Tatu ndiye aliyepika pilau, na alilia kuliko mama mtu. Mngedhani yamekwisha. Lakini Mungu fundi, mwaka uliofuata Mwanaidi akapata mimba, na ilipofika mwezi wa nne akaanza kutamani udongo, si udongo wowote, ule mwekundu wa Bi Tatu. Nikakataa. Akanuna. Nikaenda.

"Shikamoo Bi Tatu. Vipande kumi."

"Marahaba. Vya nani safari hii?"

Nilikuwa nimejiapia kusema kweli mpaka naingia kaburini. "Vya Mwanaidi," nikasema. "Ana miezi minne."

Bi Tatu aliweka mkono kiunoni, jino la dhahabu likang'aa, akawageukia wenzake. "Minne! Jamani, mnamsikia? Minne tena! Nenda zako na majani yako ya samaki, hunipati mara mbili." Akanifungia vile vilivyovunjikavunjika vya chini ya ungo. Nilipofika nyumbani Mwanaidi akatia kimoja mdomoni, akakitema. "Bakari, hivi ni vya samaki." Nikamweleza. Akavaa viatu, akafunga khanga, akanipa kikapu nibebe, tukarudi wote wawili hadi sokoni katikati ya watu wa Jumamosi, naye katanguliza lile tumbo mbele, hana haraka, akasimama mbele ya ule ungo.

"Nimekuja mwenyewe, Bi Tatu," akasema. "Haya, hesabu."

Bi Tatu akamtazama tumbo, akamtazama uso, akasahau kucheka. Machozi yakamlenga.

"Minne," akasema.

Vigelegele vilivyopigwa pale vilisikika mpaka upande wa kuku. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma na kikapu changu, sikufungua mdomo, na sokoni kule, tangu siku hiyo hadi leo, hata nikiulizwa saa ngapi, namwachia mke wangu ajibu.